Skuta Iliyoishiwa Nguvu Njiani



Skuta yangu ni Vespa ya zamani, aina ile itumiayo petroli iliyochanganywa na oili. Siku moja nilimpakia jirani yangu mgonjwa kwenda zahanati. Tulipopanda mlima nguvu ikapungua, kisha ikazimika, wala haikuwaka tena. Mgonjwa nikamlaza chini ya mwembe. Fundi mmoja wa karibu akataka kuifungua injini yote. Mafundi wengine hupenda spana kuliko kuuliza.

Yafaa kufungua plagi kwanza (ngojeni ipoe, maana huunguza). Ikiwa imelowa, petroli yafika. Basi tazameni cheche, mwondoe masizi, na mwanya wake uwe kadiri ya milimita 0.6. Ikiwa kavu, petroli haifiki.

Yangu ilikuwa kavu. Nilipofungua kifuniko cha tangi nikasikia hewa ikivutwa kwa nguvu. Kumbe kile kitundu cha kifuniko kimezibwa na vumbi lililoshikana na mafuta! Petroli haishuki vema pasipo hewa kuingia mahali pake. Nikakizibua kwa mwiba, nikapiga kiki mara tatu, ikawaka. Mgonjwa alifika zahanati kabla jua halijachwa.