Mgonjwa Aulizwe Kwanza





Leo tutafakari jambo ambalo huonekana dogo. Mama amepelekwa hospitalini kujifungua kwa upasuaji, au mzee amekwenda kupasuliwa ngiri. Tumbo likiwa limekwisha kufunguliwa, daktari anakiona kidole tumbo na kukikata, ingawa sicho kilichomleta mgonjwa. Je, ametenda haki?

Tuanze na sababu yake. Kidole tumbo ni kijimfuko chembamba kilichoshikamana na mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia. Kikiziba huvimba, kikipasuka, usaha humwagika tumboni na mgonjwa aweza kufa. Hukadiriwa kwamba watu 7 au 8 katika kila 100 hupatwa na ugonjwa huo maishani. Kwa hiyo wako madaktari wanaokiondoa mapema ili kumwepusha mgonjwa na kisu cha pili. Nia hiyo ni njema.

Lakini walio wengi hawataugua kidole tumbo kamwe, na kukikata kwaweza kuingiza vijidudu vya utumbo mahali palipokuwa safi. Tena, tangu mpasuaji Mfaransa Paul Mitrofanoff alipoeleza njia yake mwaka 1980, kidole tumbo kimetumika kuwatengenezea njia ya mkojo watoto wenye kasoro ya kibofu. Kinachodhaniwa hakina kazi leo chaweza kuhitajika kesho.

Basi ni nani mwenye kuamua? Papa Pio wa XII, akiwahutubia madaktari mwezi Septemba 1952, alifundisha kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale anayopewa na mgonjwa mwenyewe. Daktari akikuta kidole tumbo kimeoza, na aokoe uhai, kisha amweleze mgonjwa. Kikiwa kizima, ridhaa itangulie.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu aweza kutibiwa leo Tunduma, mwakani Vwawa, na baadaye ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Akishikwa na maumivu makali, daktari mgeni huona kovu tu. Asipojua kama kidole tumbo kipo au kimeondolewa, matibabu yaweza kuchelewa, na kuchelewa huko huua.

Kwa hiyo twawaomba viongozi mwafundishe watu haya:

1. Mgonjwa asitie sahihi wala dole gumba katika fomu ya ridhaa kabla hajaelezwa. Asiyeelewa Kiswahili vema aelezwe kwa Kinyiha, Kinyamwanga au lugha yake nyingine.
2. Aulize: "Mbali na upasuaji huu, mtaondoa kitu kingine? Kwa nini?"
3. Kabla ya kuondoka aandikiwe kilichofanyika, na karatasi hiyo aitunze.

Kuuliza si kumdharau daktari. Daktari mwema hufurahi kuulizwa, na maskini ana haki ya kujibiwa sawasawa na tajiri.

Swali la kujadili katika jumuiya: Ni nani kati yetu aliyepata kupasuliwa bila kujua alichoondolewa, na tutamsaidiaje akaulize?