Faili la Jirani Lisipite Ng'ambo: Anwani na Swichi za Ethaneti katika Maabara za Shule Zetu

Mada kwa warsha ya walimu wa kompyuta na mafundi wa maabara, Manibe



Hoja yangu naitaja mapema. Shule zetu zinanunua bando kwa kazi ambayo swichi ya maabara ingeifanya bila kula megabaiti hata moja. Mwalimu anapandisha somo la video kwenye WhatsApp au kwenye hifadhi ya Google, kisha wanafunzi 20 walioketi mbele yake wanaliteremsha, kila mmoja kivyake. Somo limetoka Manibe, limekwenda ng'ambo, limerudi Manibe mara 20. Tupige hesabu. Faili la megabaiti 50 likiteremshwa mara 20 ni megabaiti 1,000. Kwenye laini ya megabiti 2 kwa sekunde, kazi hiyo ni sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa nzima, na kipindi kimekwisha. Faili hilohilo likikaa kwenye kompyuta moja humu maabarani, iliyochomekwa kwenye swichi ya megabiti 100, wote 20 wanaweza kulipata kwa kama sekunde 80. Kwa vitendo itazidi kidogo, lakini hakuna atakayeilinganisha na saa nzima.

Ili tuitumie vizuri nguvu hii tuliyo nayo tayari, tuelewe kinachotendeka ndani ya kile kisanduku chenye taa za kijani.

Ethaneti ilianzia katika maabara ya Xerox PARC, California. Tarehe 22 Mei 1973 Robert Metcalfe aliwaandikia wenzake waraka wa kueleza wazo hilo, na yeye na David Boggs wakalijenga. Walikuwa wamejifunza kutoka Hawaii, ambako mtandao wa ALOHA uliunganisha visiwa kwa redio. Mashine zote zilishiriki kebo moja, kwa kasi ya megabiti 2.94 kwa sekunde. Mbili zikituma kwa wakati mmoja, ujumbe uligongana; kila moja ikasubiri muda wa kubahatisha, kisha ikajaribu tena. Mwaka 1980 kampuni za DEC, Intel na Xerox zilitoa vipimo vya pamoja, na humo mkawa na anwani ya biti 48. Urefu huo haujabadilika hadi leo.

Anwani hiyo, tuliyoizoea kwa jina la MAC, huandikwa kwa tarakimu 12 za heksadesimali. Kwa kawaida biti 24 za mwanzo hutolewa na taasisi ya IEEE kwa mtengenezaji wa kadi. Zinazobaki mtengenezaji huzigawa mwenyewe, kila kadi na yake. Biti 48 zinatosha anwani zaidi ya trilioni 281. Moja katika hizo si ya mashine yoyote: ni ile yenye F tupu 12, nayo maana yake ni "wote mnaosikia, pokeeni".

Hapa walimu wanaosimamia Wi-Fi ya shule wanisikilize. Anwani ya MAC si kitambulisho wala si kufuli. Katika baiti ya kwanza kuna biti inayoonyesha kama anwani imetoka kiwandani au imewekwa na mtumiaji, na simu za leo zinaitumia. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia anwani ya kubahatisha inapojiunga na mtandao wa Wi-Fi. Ukitaka kuwazuia wanafunzi kwa orodha ya anwani, utaandika orodha kila siku na bado watapita.

Data husafiri ndani ya fremu. Fremu inatanguliza anwani ya mpokeaji, ikifuatiwa na ya mtumaji, kila moja baiti 6. Kisha kuna baiti 2 za kutaja aina ya mzigo, mzigo wenyewe wa baiti 46 hadi 1,500, na mwishoni baiti 4 za kukagua kama kuna kilichoharibika njiani. Mpokeaji ametangulizwa kwa sababu nzuri: kifaa kinaweza kuanza kuamua pa kuipeleka fremu kabla haijaingia yote.

Sasa swichi. Mhenga wake ni habu, ambayo bado inaonekana katika vifaa vya msaada vinavyoletwa mashuleni. Habu haijui lolote: kinachoingia tundu moja inakirudia kwenye matundu mengine yote, na mashine moja tu ndiyo inayoweza kusema kwa wakati mmoja. Swichi inajifunza. Fremu inapoingia tundu la 3, swichi inasoma anwani ya mtumaji na kuandika katika jedwali lake: huyu yuko tundu la 3. Kisha inaangalia anwani ya mpokeaji. Ikiwa imo katika jedwali, fremu inatolewa kwenye tundu lake peke yake. Ikiwa haimo, inatolewa kwenye matundu yote isipokuwa lile ilikoingilia. Mpokeaji akijibu, naye anaandikwa. Mwenyekiti wa steji ya boda hujua abiria gani anakaa mtaa gani kwa njia hiyohiyo: hajawahi kuwauliza, amewaona tu wanakotokea kila asubuhi.

Mbinu hii ya kujifunza kwa kumtazama mtumaji ilivumbuliwa DEC mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kampuni ya Kalpana iliuza swichi ya kwanza ya Ethaneti mwaka 1990. Mimi naihesabu mbinu hiyo ya kujifunza kati ya zilizo bora kabisa katika fani yetu, kwa sababu haimtaki fundi aandike chochote. Umeme ukikatika, kama tunavyoujua hapa West Nile, jedwali lote linafutika. Ukirudi, swichi haimjui mtu. Fremu chache za mwanzo zinasambazwa kila tundu, na baada ya sekunde chache kila mashine imeshaandikwa upya. Hata bila kukatika umeme, mashine isiyosikika kwa muda, mara nyingi sekunde 300, hufutwa, ili ukiihamisha kompyuta kwenda dawati jingine swichi isiendelee kuitafuta kule ilikotoka.

Kompyuta ya mwanafunzi inajuaje MAC ya seva, ilhali yeye ameandika anwani ya IP tu? Inatangaza kwa wote: mwenye 192.168.1.20 ni nani? Mwenyewe anajibu kwa aliyeuliza pekee. Itifaki hiyo ni ARP, iliyoandikwa na David Plummer mwaka 1982. Hapo ndipo safari ya kwenda nje inapoamuliwa pia. Mashine ikiona IP inayotafutwa haimo katika mtandao wake, inaipelekea fremu MAC ya ruta. Ruta inalitupa lile ganda la Ethaneti na kuivisha data ganda jingine. MAC ya kompyuta yenu haivuki ruta, Kampala haiijui.

Sasa hatari, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo maabara nyingi zinapofia. Mtu anakuta waya unaning'inia, anauchomeka kwenye tundu lililo wazi, kumbe ncha ya pili imeshachomekwa kwenye swichi hiyohiyo. Kimekuwa kitanzi. Tangazo moja la ARP linaingia, linasambazwa, linarudi kwa njia ya pili, linasambazwa tena. Pakiti ya IP ina hesabu ya kuishiwa safari. Fremu ya Ethaneti haina. Itazunguka bila kikomo, ikizaliana, mpaka swichi ilemewe na taa zote ziwake kwa mpigo mmoja. Mwalimu atasema intaneti imekufa na kuipigia simu kampuni, na kampuni haina kosa. Radia Perlman wa DEC alitoa dawa mwaka 1985: swichi zinasemezana, zinachagua mzizi, na kuyafunga matundu yanayozidi mpaka ubaki mti usio na kitanzi. Lakini swichi nyingi za bei nafuu tunazonunua hazina itifaki hiyo. Kwetu dawa ni mkono: chomoa nyaya moja moja mpaka taa zitulie, kisha uufuatilie ule wa mwisho uliouchomoa. Na kila waya uwe na lebo ncha zote mbili.

Kanuni ya kutompitisha jirani ng'ambo haikuanzia maabarani. Kabla ya vituo vya kubadilishana data, barua pepe kati ya kampuni mbili za intaneti zilizo Nairobi ilipanda satelaiti, kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena. Ilipoteza nusu sekunde na dola nyingi. Kituo cha aina hiyo, KIXP, kilifunguliwa Nairobi Novemba 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa imeingiliwa, na kituo kikafungwa ndani ya wiki mbili. Kilirudi Februari 2002. Kampala ilianzisha kituo chake, UIXP, mwaka 2001. Na moyo wa kituo kama hicho ni nini? Ni swichi ya Ethaneti. Kila kampuni inaleta ruta yake, ruta ina MAC yake, na swichi inaandika jedwali vilevile kama ya maabara ya shule.

Mkongo wa taifa wa NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari ya Uganda, umefika West Nile, nami naufurahia. Lakini mkongo hautatusaidia kama faili la dawati hadi dawati bado linapita ng'ambo. Kompyuta moja ya zamani yenye diski nzuri inatosha kuwa seva: Kiwix kwa Wikipedia, Kolibri kwa masomo na mazoezi, na folda moja ya notisi za walimu. Ichomekwe kwenye tundu la gigabiti kama swichi inalo, kwa kuwa seva ndiyo inayowahudumia wote kwa mara moja. Waya usizidi mita 100.

Baada ya chai, kila kikundi kitapewa swichi moja, kompyuta nne na karatasi. Mtaandika amri ya arp -a katika kila mashine, mtachora ramani ya nani yuko tundu gani, kisha mtaizima swichi na kuiwasha mkiziangalia taa. Kikundi cha mafundi waliotoka Koboko kianze na kitanzi.