Kasisi wa Shule ni wa Wanafunzi Wote



Sheria ya Kenya ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili wa shule ya umma haki ya kuteua kasisi kwa gharama yake, na kumtaka alinde imani za wengine. Wafadhili wengi ni makanisa. Je, mtoto Mwislamu aliyefiwa atathubutu kubisha mlango wa kasisi?

Sisi wauguzi hatuulizi dini kabla ya kutuliza maumivu. Kasisi naye asikilize, atunze siri, na yakimzidi amwite mshauri au daktari. Mahubiri yangoje Jumapili.

Hapa Dubai Wakatoliki tunasali St. Mary's, kwenye ardhi aliyotoa Sheikh Rashid miaka ya 1960. Tuliokaribishwa hivyo ugenini, tunapotuma michango ya shule zetu tudai ukarimu huohuo nyumbani.