Kanisa Mama Kando ya Mto Kongo



Tulipokuwa tukitayarisha jubile hii, niliwauliza watoto wa mafundisho: Habari Njema ilifika lini katika jimbo letu? Wote wakajibu: mwaka 1929, pamoja na Mapadri wa Assomption. Sikuwakemea. Ni mimi niliyewafundisha hivyo, nami nilikosa.

Twende kwanza Kisangani. Huko ndiko meli zitokazo Kinshasa hukoma, kwa maana mbele yake kuna maporomoko saba ya Boyoma, ambamo Wagenia husimika miti mikubwa kati ya mawe na kutega samaki kwa vikapu vyao. Kiswahili hiki tunachosali nacho kilikuwa kimekwisha kufika pale pamoja na watu wa Tippu Tip, nayo minyororo yao pia. Siku ya Noeli ya mwaka 1897, Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alianzisha karibu na maporomoko hayo misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Na mwaka 1906 shirika lake lilifungua misioni ya Beni, ng'ambo ya mwitu wa Ituri. Waliokwenda kwa gari siku hizi wanajua urefu wa njia hiyo. Wale hawakuwa na gari.

Mapadri wa Assomption walipokea kazi iliyokwisha kuanzwa. Mwaka 1934 Beni ilitengwa na Stanley Falls. Mwaka 1959 ikawa jimbo chini ya Bukavu. Tangu hapo macho yetu yaligeukia kusini, tukamsahau mama.

Naye mama ameteswa. Mwaka 1964, wakati wa maasi ya Simba, wamisionari wengi wa shirika lile la Grison waliuawa, hata Mhashamu Joseph Wittebols, Askofu wa Wamba. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya Kisangani; makombora yaliua raia kwa mamia, wala Katedrale ya Bikira Maria wa Rozari, pale kando ya mto, haikusalimika. Sisi wa Luofu, tulioona nyumba zetu zikiteketezwa mwaka 2009, hatuhitaji kuelezwa hayo.

Kwa hiyo nimemwomba Baba Paroko, naye amekubali, Kisangani itajwe katika maombi ya Misa ya leo. Nao watoto wamekwisha kusahihishwa. Waulizeni.