Swali la Mawe Meusi



Wanangu wa sehemu ya ualimu, mwezi wa tisa wengi wenu mtapewa darasa la kwanza au la pili. Mbele yenu watakaa watoto wa miaka sita, saba. Mmoja wao atakuwa amefika Goma na mama yake kuuza maharagwe, naye atauliza kwa nini kule kuta na nyua nyingi zimejengwa kwa mawe meusi. Nimeombwa niwape neno la kuwaaga. Nitazungumzia jibu la swali hilo tu.

Mawe hayo yametokana na moto wa volkano, na mtu anaweza kusema moto wa Goma ni habari ya watu wa mjini, sisi wa Kingi, huku Masisi, tuna shida zetu. Sikubali. Mei 2021, wakazi wa Goma walipoamriwa kuhama kwa sababu ya volkano, maelfu walishika njia ya Sake, na Sake ni mlango wa Masisi. Walilala katika shule na makanisa ya huko. Habari hii ilipiga hodi kwetu.

Basi jibu lenyewe. Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, asubuhi, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka ubavu wa kusini. Moto haukumwagika kutoka kileleni. Ulitoka kwenye nyufa zilizoshuka hadi karibu na Munigi, jirani kabisa na mji. Kulielewa hilo humsumbua mtu mzima, sembuse mtoto. Chukueni bidoni kuukuu, mlijaze maji, mlitoboe ubavuni kwa msumari mbele ya darasa. Watoto watacheka, watalowa, na hawatasahau. Kisha endeleeni: lava ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikakata mji katikati, ikameza maduka ya Birere, ikaingia Ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba. Malaki walivuka mpaka kwenda Gisenyi, na wengi wakarudi baada ya siku chache tu, mawe yangali ya moto.

Hapa ndipo mwalimu mchanga anapoponyokwa na somo. Anaanza kuhesabu maiti, akidhani hofu itawatuliza watoto. Wanangu, watoto wa Masisi hawahitaji kutishwa. Darasani mwenu watakuwamo waliokwisha kukimbia usiku, godoro kichwani kwa mama, wala si kwa sababu ya volkano. Mkiwasimulia vilio, watasikia vyao. Wasimulieni watu walifanya nini: nani alimshika nani mkono, walipita njia gani, walilala wapi. Ndani ya mji lava ilikwenda polepole, na wengi waliweza kuitangulia kwa miguu. Lakini msiwaambie kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa kileleni lilimwagika kupitia nyufa na kukauka kwa muda usiofika saa moja, na watu wa vijiji vya chini hawakupata nafasi ya kukimbia.

Na tafadhali, msiwaambie kwamba Mungu alikuwa akiwaadhibu wenye dhambi wa Goma. Moto ule ule uliochoma maduka uliangusha na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu.

Vifo vya siku moja msiviruke, ingawa wadogo ni wadogo. Tarehe 21 Januari, siku nne baada ya mlima kupasuka, kituo cha mafuta kililipuka mjini wakati watu wakichota esansi karibu na lava iliyokuwa bado na joto. Makumi walikufa pale, watu waliokwisha kupona Alhamisi ile. Watoto wetu ndio wanaotumwa na vibidoni, kwa hiyo waelezwe wazi: palipopita moto hapachotwi kitu, hata mkubwa akikutuma.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo halimo katika kitabu chochote cha historia. Mlima ulipotoka tena, Jumamosi jioni tarehe 22 Mei 2021, kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Fikirini mtoto wa miaka minne ameketi kando ya barabara, anaulizwa mama yake ni nani, anajibu, "Mama." Amejibu kweli, na hakuna anayeweza kumsaidia. Kwa hiyo kabla ya tarehe yoyote, fundisheni jina kamili la mtoto, jina la baba na la mama, jina la kijiji na la chifu. Yafanyeni wimbo, yafanyeni mchezo wa mapumziko, yarudieni kila Jumatatu. Inspekta akiuliza hilo ni somo gani, mwambieni ni somo la moto wa Goma.

Na mnapofika Sake au kando ya ziwa, waonyesheni mashimo wasiyopaswa kuyashukia. Mazuku, gesi ya sumu itokayo ardhini, haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia bondeni. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupona pale ambapo mbuzi na mtoto wanaanguka, kwa kuwa pua zao ziko chini. Mama asimlaze mtoto shimoni akilima.

Mwishowe mtaulizwa, "Mwalimu, mlima utatoka tena?" Jibuni ndiyo. Wala msikimbilie kuongeza kwamba bado sana, maana hamjui. Waambieni kuna watu Goma, katika Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, ambao kazi yao ni kusikiliza matetemeko ya mlima ule. Kabla ya moto wa 2002 mmoja wao, Dieudonné Wafula, aliona dalili akaonya, na vyombo alivyokuwa navyo vilikuwa vichache mno. Labda katika darasa lenu yumo atakayetaka kazi hiyo. Mwacheni aulize maswali hadi kengele ipigwe, hata kama hesabu haijaisha.

Bwana Prefe, nimemaliza. Majina yasomwe.