Kibra: Kijiji Kilichozaliwa Msituni



Mtu akishuka kutoka Barabara ya Ngong na kuingia Makina wakati wa alasiri, husikia Kiswahili, na lugha za bara, na tena lugha moja yenye maneno mengi ya Kiarabu ambayo si Kiarabu. Hiyo ni Kinubi. Katika lugha hiyo neno kibra maana yake ni msitu, nalo ndilo jina la mahali hapa kabla ndimi za wageni hazijaligeuza kuwa Kibera. Yafaa kila kijana ajue jinsi msitu ulivyopata kuwa kijiji, kwa kuwa habari hizi ni habari za ahadi isiyoandikwa vizuri.

Wazee wa kwanza wa Kibra walikuwa askari. Asili yao ni Sudani, nao walitumika chini ya Emin Pasha, liwali wa jimbo la Ikweta. Vita vya Mahdi vilipofunga njia ya Khartoum, askari wale walikatwa mbali na serikali yao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert, akawaandika kazi na kuwaleta Uganda. Hata mwaka 1902, majeshi ya Waingereza katika Afrika Mashariki yalipounganishwa kuwa King's African Rifles, yaani Keya, Wasudani hao walikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Askari akizeeka, hana budi kupata mahali pa kupumzika. Wengine walirudi kwao. Hawa hawakuwa na kwao pa kurudi. Basi mwaka 1904 nchi ya msitu iliyo kusini-magharibi ya Nairobi ilitengwa kwa matumizi ya jeshi, na mwaka 1912 wastaafu wakaruhusiwa kukaa humo. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi, nalo lilikuwa karibu ekari 4,200. Askari aliyetumika miaka 12 alipewa cheti cha kujenga nyumba na kulima shamba. Wakafyeka msitu, wakapanda mahindi, wakafuga ng'ombe. Wanawake wakavaa gurbaba zao, na usiku wa arusi ngoma ya doluka ikasikika.

Lakini cheti kile kilikuwa ruhusa tu, wala hakikuwa hati ya kumiliki ardhi. Mzee alikitia sandukuni pamoja na nishani zake, akiamini kwamba vyote viwili vyatoka kwa Serikali moja na vina nguvu moja. Mwaka 1928 usimamizi wa Kibra ulitoka mikononi mwa jeshi ukaingia kwa wakuu wa kiraia, ambao hawakuwahi kupigana vita pamoja na wazee hao. Kisha Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, iliyoanza kazi mwaka 1932, ikasema kwamba Wasudani walikuwa wapangaji kwa ridhaa ya Serikali tu. Ila wakihamishwa, ni wajibu wa Serikali kuwapatia mahali pengine na kuwalipa fidia ya nyumba zao.

Ng'ambo ya Barabara ya Ngong iko Kawangware, na mambo yake yalikwenda njia nyingine. Dagoretti ilikuwa katika nchi ya Wakikuyu, nayo iliingizwa katika mipaka ya jiji mwaka 1963. Huko wenye ardhi waliijua mipaka ya mashamba ya koo zao, na baadaye wengi wakapata hati. Mji ulipowafikia, waliweza kujenga vyumba vya kupangisha juu ya ardhi yao wenyewe. Mwenye nyumba wa Kibra alijenga vyumba vile vile, juu ya ardhi ambayo sheria haikukiri kuwa yake.

Hivyo Kibra ikamegwa kidogo kidogo. Pakatokea Woodley, na Jamhuri, na sehemu za Lang'ata; na maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Kenya wakaja kutafuta kazi na vyumba vya bei nafuu. Hao nao si wa kulaumiwa, maana aliyewaleta ni njaa. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewanyima watoto wa Kinubi haki yao ya uraia. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi Wanubi hati ya ekari 288. Ekari hizo hazifiki sehemu moja ya kumi na nne ya zile za mwaka 1918. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza kwa karatasi kusema yale ambayo wazee walikuwa wakiyasema zaidi ya miaka mia.

Kule Uingereza iliamriwa mwaka 1538 kwamba kila parokia iandike katika daftari ubatizo, ndoa na maziko ya watu wake. Kwa sababu hiyo, hata kijiji kidogo cha nyumba thelathini chaweza kutaja majina ya watu wake wa zamani. Wahenga wa pwani walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Basi kila mwenye babu Kibra na Kawangware, na amwulize leo jina la baba yake, mwaka aliofika, na mahali mpaka wa shamba lake ulipopita, kisha ayaandike na kuyaweka salama. Maana mzee hufa na maneno yake, bali karatasi hubaki ikisema mbele ya hakimu.