Mtoto wa Mbwa Anayetafuna Kila Kitu

  Leo sitazungumza juu ya pamba, wala mtama, wala kupe wa ng'ombe. Nitazungumza juu ya mfanyakazi mmoja wa nyumbani ambaye hatajwi sana katika vipindi vya kilimo, ingawa hafanyi kazi ndogo. Naye ni mbwa.

Huku kwetu Buhemba, na katika vijiji vingine vya Butiama, Bunda na Musoma, mbwa si pambo. Ndiye anayelala nje sisi tukilala ndani. Fisi akisogelea zizi, yeye hubweka. Nyani wakiingia katika mahindi, yeye hutangulia kuwafukuza. Vijana wakienda machungani, yeye huongozana nao. Mfugaji mwenye mbwa mzuri hupata usingizi.

Lakini mbwa huyo, kabla hajawa mlinzi, hupita katika umri wa uharibifu. Fikiri umeamka alfajiri. Mvua za vuli zimeanza, ardhi imelainika, na leo ni siku ya kulima. Unachukua nira, unakuta kamba ya ngozi imekatwa vipande viwili. Siku imepotea hiyo. Kesho yake ni ndala za mama. Keshokutwa ni mpini wa jembe, au kibuyu cha maziwa. Hapo ndipo fimbo hutafutwa, na wapo wanaosema, "Mbwa huyu hafai, auawe," au, "Akatupwe mbali huko barabarani."

Ngoja kwanza, ndugu yangu. Kabla ya fimbo jiulize swali moja: huyu anatafuna kwa sababu gani? Kutafuna kwa mtoto wa mbwa kuko kwa namna tatu. Kuna kutafuna kwa meno. Kuna kutafuna kwa njaa na kukosa kazi. Na kuna kutafuna kwa ugonjwa. Mbili za kwanza dawa yake unayo mwenyewe nyumbani. Ya tatu inaweza kuua mtu katika nyumba yako. Kwa hiyo ni lazima ujue kuzitofautisha.

Kutafuna kwa meno

Mtoto wa mbwa huota meno ya utoto tangu akiwa na wiki tatu hivi. Meno hayo ni 28, madogo na makali kama miiba. Akifikia kama miezi minne huanza kung'oka, na meno ya ukubwa huota mahali pake. Kazi hiyo humalizika akiwa na miezi sita au saba, na mbwa mkubwa huwa na meno 42. Sasa basi, hesabu mwenyewe: meno 28 yatoke na 42 yaote katika muda wa miezi mitatu hivi. Fizi huwasha na kuuma. Wakati mwingine utaona damu kidogo kwenye kitu alichokitafuna. Usishtuke. Anatafuna ili apate nafuu, kama vile mtoto mchanga wa binadamu anavyouma vidole vyake. Hata baada ya meno kukamilika, mbwa kijana huendelea kupenda kutafuna hadi afikishe mwaka mmoja na zaidi, ila hupunguza kidogo kidogo.

Kumchapa kwa jambo hilo hakusaidii. Hasa ukimchapa baada ya saa nzima, hatajua kosa lake ni lipi. Anachojua ni kwamba wewe umekuja na umempiga. Atajifunza kukukimbia na kutafuna akiwa amejificha. Mbwa anayeogopa mkono wa mtu ndiye anayekuja kumwuma mtoto baadaye.

Fanya hivi. Kwanza, ondoa vitu vyako mbele yake. Nira, kamba na mikanda ya ngozi vitundike juu ya ukuta au viweke darini. Viatu viingie ndani. Ndugu wavuvi wa huko ziwani, msianike nyavu mahali anapozifikia.

Pili, mpe kitu chake mwenyewe cha kutafuna. Chukua kamba nene ya katani, ifunge fundo kubwa lisiloweza kuingia lote mdomoni mwake. Iloweshe katika maji baridi ya mtungi, kisha umpe. Ubaridi huo hutuliza fizi. Kamba ikianza kuchanguka nyuzi, itupe na ufunge nyingine, maana nyuzi zikimezwa hujisokota tumboni.

Tatu, mfundishe kubadilishana. Ukimkuta na ndala, usimkimbize. Ukimkimbiza ataona ni mchezo. Mwambie "Acha!" mara moja tu, kwa sauti imara isiyo ya matusi, umpe kamba yake, naye akiipokea umsifu. Na watu wote wa nyumbani watumie neno hilo hilo moja. Baba akisema "Acha", mama akisema "Toka", na watoto wakicheka, mbwa hatajifunza kitu. Fanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Vitu vya kutompa

Utaniuliza, "Bwana Shamba, si nimpe tu kiatu kilichochakaa?" Hapana. Mbwa hajui kiatu chakavu wala kiatu cha Jumapili. Ukimruhusu kimoja umemruhusu vyote.

Gunzi la mahindi je? Hilo ndilo nawaomba mlisikilize vizuri, maana katika msimu wa kupukuchua magunzi yamezagaa uani. Mbwa hulivunja gunzi na kumeza kipande. Kipande hicho hakisagiki tumboni. Hukwama katika utumbo, mbwa akatapika, akaacha kula, akafa. Fagia magunzi yote uyaweke mbali naye.

Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa kama sindano, usimpe. Muhogo mbichi, hasa ule mchungu, una sumu. Mbegu za mbarika zina sumu kali zikitafunwa, na utomvu wa minyaa huunguza mdomo na macho. Maini na mapafu yenye malengelenge ya maji, yatokayo katika ng'ombe au mbuzi aliyechinjwa, usimtupie kamwe. Ndani yake mna mbegu za minyoo. Mbwa akiyala, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake hurudi kwa ng'ombe, na kwa watoto wako pia kupitia mikono yao. Yafukie chini sana, au yachome.

Angalia pia makopo na chupa. Dawa ya kuogesha ng'ombe, dawa ya kunyunyizia pamba, na kwa ndugu zetu wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Buhemba, chupa ya zebaki: vyote hivyo ni mchezo mtamu kwa mbwa mchanga, naye atavitoboa kwa meno. Kisha sumu imwagike uani wanapocheza watoto. Vifungie ndani kwa kufuli. Na wale wanaopaka oili chafu ya gari kwenye kamba ili mbwa asitafune, waache. Oili ile ni sumu. Ukitaka kumzuia kwa ladha, saga pilipili kidogo uipake kwenye kamba. Mbwa wengine huacha, wengine hawajali, lakini hutamwua.

Kutafuna kwa njaa na kukosa kazi

Meno yamekwisha kuota, mbwa ana miezi kumi, na bado anatafuna mlango. Huyo mtazame ubavu. Je, mbavu zinahesabika? Wengi wetu humpa mbwa ukoko wa ugali mara moja jioni, tena baada ya watu wote kushiba. Mtoto wa mbwa hakui kwa chakula hicho. Hadi afikishe miezi sita mpe chakula mara tatu kwa siku, na baada ya hapo mara mbili. Ugali wake uchanganye na dagaa waliochemshwa, tunao tele kutoka ziwani. Dagaa wana nguvu ya kujenga mwili na mifupa. Kama una maziwa ya mgando, mpe kidogo. Maji safi yawepo kutwa nzima. Na mwone afisa mifugo wa kata yako akupe dawa ya minyoo, kwa sababu mtoto wa mbwa mwenye minyoo hula na hashibi.

Kisha tazama kamba aliyofungiwa. Mbwa kijana aliyefungwa chini ya mti tangu asubuhi hadi jioni, hana mwenzake, hana kazi, atatafuna kamba, mti na hata mkia wake. Mfungue. Asubuhi na jioni aende na vijana mahali karibu, aanze kuwazoea ng'ombe na mbuzi wako. Mbwa aliyechoka kwa kazi hulala. Hana haja na nira yako.

Kutafuna kwa ugonjwa

Hapa, ndugu wasikilizaji, nawaomba tutulie.

Kuna ugonjwa uitwao distempa ambao hushika mbwa wachanga. Hutokwa na makamasi na machozi mazito, huharisha, hukohoa. Baadaye taya huanza kutikisika lenyewe kama anayetafuna, na mdomoni hamna kitu. Huyo hachezi, anaumwa. Ugonjwa huu tunaujua katika mkoa wetu. Mwaka 1994 uliingia katika Hifadhi ya Serengeti na kuua kiasi cha theluthi moja ya simba wa huko, karibu simba 1,000.

Ugonjwa wa pili ni kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali hukufuata kwa unyonge wa ajabu. Huuma mawe, vijiti, mnyororo, hata mguu wake mwenyewe. Sauti hubadilika. Mate humtoka kwa sababu hawezi kumeza. Mara nyingi hufa kabla ya siku kumi tangu dalili zianze. Na msidhani ni ugonjwa wa mbwa wakubwa tu. Mtoto wa mbwa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huupata vile vile.

Sasa sikilizeni jambo hili, na mwende mkawaambie majirani. Wakati mwingine mbwa mwenye kichaa taya lake la chini huning'inia, mdomo uko wazi, mate yanachuruzika, naye anakwaruza mdomo wake kwa mguu. Mwenye mbwa husema, "Maskini, amekwamwa na mfupa." Kisha hutia mkono kinywani autoe. Usifanye hivyo! Mate yale yakiingia katika mchubuko mdogo tu wa kidole, unaweza kuambukizwa. Mbwa wa namna hiyo usimguse. Waondoe watoto, mfungie mahali kama inawezekana bila kumshika, na umwite afisa mifugo upesi.

Mtu akiumwa au akilambwa kwenye kidonda, osha mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Usingoje kuona kama mbwa atakufa, na usipoteze siku kwa dawa za kienyeji. Chanjo ya kumwokoa mtu aliyeumwa ilianza kutumika mwaka 1885 huko Ufaransa, kwa kazi ya bwana Louis Pasteur. Ikitolewa mapema huokoa. Lakini dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya.

Kinga ni kuchanja mbwa. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, kichaa hukosa njia ya kuenea. Tangu miaka ya 1990 mbwa wa vijiji vya jirani zetu wanaopakana na Serengeti wamekuwa wakichanjwa, na walikochanjwa kwa wingi, watu walioumwa na mbwa wenye kichaa walipungua. Siku ya chanjo ikitangazwa kijijini, usiwaache wachanga nyumbani ukisema bado ni wadogo. Wapeleke wote, mtaalamu ndiye atakayeamua. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Itumie kukumbuka mbwa wako alichanjwa lini.

Neno la mwisho

Ndugu mkulima, leo jioni mwite mtoto wa mbwa wako. Hesabu miezi yake. Tazama mbavu zake. Tazama macho yake na jinsi anavyokula na kunywa. Ukiona ni meno, mpe kamba yenye fundo na uvumilie. Ukiona ni njaa au upweke, mpe chakula na kazi. Ukiona amebadilika, usimtie mkono mdomoni. Mwite mtaalamu.

Nira ikikatwa hushonwa. Mbwa wa miezi mitano akiuawa kwa ajili ya ndala, umejinyima mlinzi wa miaka mingi.